Anayerudi kwenye mbio apewe nafasi ya kupumzika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalonisumbua kila ifikapo Januari, nalo linawahusu wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaokimbia katika klabu za jogingi, hasa wale wanaorejea barabarani baada ya kukaa nje kwa ajili ya maumivu, malaria, uzazi, safari ya Krismasi au shughuli za kutafuta riziki. Ombi langu kwa viongozi wa klabu ni kwamba wayahesabu mapumziko kuwa sehemu ya mazoezi, na waweke utaratibu wa kumpokea mwanachama anayerudi, badala ya kumwingiza moja kwa moja katika msafara wa Jumapili kana kwamba hakuwahi kuondoka.

Mimi ni mwalimu wa mazoezi wa kujitolea katika klabu mojawapo ya Temeke, na kabla ya hapo nilifundisha elimu ya michezo shuleni kwa miaka mingi. Nazithamini klabu hizi kuliko ninavyoweza kueleza. Zimewainua watu waliokwisha kuonywa na madaktari kwamba presha na sukari zao zinaelekea pabaya, zimewakutanisha dereva wa bodaboda, mama lishe na mfanyakazi wa benki katika wimbo mmoja, na mwanachama anapofiwa au kulazwa, klabu huwa miongoni mwa wa kwanza kuchanga. Mwishoni mwa mwaka 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alipotangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi, wengi wetu tulikuwa tumekwisha kuizoea barabara ya alfajiri. Ninayoyasema hapa nayasema kwa sababu nataka watu hao waendelee kukimbia hata wakifikisha miaka 60.

Hali yenyewe huwa hivi. Mwanachama amekosekana wiki saba. Jina lake limesomwa katika daftari la mahudhurio, amedaiwa faini, kundi la WhatsApp limemtania kwa maneno ya mapenzi lakini yanayochoma, na Jumapili anayoamua kurudi inakuta klabu imealikwa bonanza, kwa hiyo njia ni ndefu: kutoka Temeke, kupita katikati ya mji, kuvuka Daraja la Tanzanite hadi Coco Beach. Anaimaliza yote, na wala haumii siku ile. Pumzi inamtosha, nyimbo za mchakamchaka zinambeba, wenzake wanampigia makofi, supu inanywewa, picha zinapigwa. Maumivu huja Jumatano, au baada ya Jumapili ya tatu, wakati ambapo hakuna tena anayekumbuka kuyahusisha na siku ile ya shangwe.

Sababu ya kuchelewa huko inafahamika vizuri, ila haisemwi vya kutosha katika viwanja vyetu. Sehemu za mwili hazirudi katika hali yake kwa kasi moja. Moyo, mapafu na damu hupoteza uwezo haraka mtu akiacha mazoezi, ndani ya wiki mbili tatu tu, lakini pia huurejesha haraka; baada ya wiki chache za kukimbia mtu husikia pumzi imefunguka, akaamini kuwa mwili mzima uko tayari. Kano na mifupa havina haraka hiyo. Kano ya kisigino huhitaji miezi kuuzoea mzigo mpya, na mfupa ndio wenye hesabu ngumu zaidi, kwa kuwa unapoanza kutwishwa mzigo, seli zake huondoa kwanza sehemu zilizochakaa, ndipo nyingine zijenge upya, na mzunguko mzima huchukua miezi mitatu au minne hivi. Ni sawa na fundi anayetoa matofali yaliyoliwa na chumvi kabla ya kuweka mapya: katikati ya kazi ukuta ni dhaifu kuliko ulivyokuwa mwanzo. Huo ndio wakati ambao mkimbiaji wetu, akiwa na pumzi nzuri ya wiki ya nne au ya tano, anaamua kuongeza mwendo.

Tuitazame pia hesabu ya hatua. Kilomita moja ya mbio za taratibu ni takriban hatua 1,000, na katika kila hatua mguu mmoja hupokea nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 anayekimbia kilomita 12 ametua ardhini mara 12,000 hivi, na kila mara mguu mmoja umebeba mzigo wa kilo 140 mpaka 210. Hakuna raba inayoifuta hesabu hiyo, iwe mpya ya Kariakoo au ya mtumba.

Aliwahi kunijia kijana mmoja mwendesha bodaboda, mkimbiaji hodari, aliyekuwa amerudi mbioni baada ya enka kuteguka. Enka ilikuwa imepona. Alicholalamikia ni muundi. Nilimketisha barazani, nikapitisha kidole gumba taratibu juu ya mfupa, kutoka chini ya goti nikishuka, naye akawa anazungumza kama kawaida mpaka kidole kilipofika mahali pamoja, pasipozidi upana wa sarafu, akashtuka na kuvuta mguu. Nilimwomba aruke kwa mguu huo peke yake. Aliruka mara moja, mara ya pili hakuweza. Akanieleza kwamba usiku huuweka mguu juu ya mto kwa sababu unapwita. Maumivu ya misuli husambaa, na mara nyingi hupungua mwili ukipata moto; maumivu ya mfupa unaoingia ufa hukaa mahali pamoja, huzidi kadiri mtu anavyokimbia, na hatimaye humfuata mpaka kitandani. Nilimsindikiza hospitali. Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha kitu, jambo ambalo ni la kawaida katika wiki za mwanzo za ufa wa namna hii, na kama tungeishia hapo angerudi barabarani Jumapili ile ile akiwa na cheti cha uzima. Daktari alimwagiza aupumzishe mguu na arudi kupigwa picha nyingine, na katika hiyo ya pili ufa ulionekana. Kwa wiki kadhaa pikipiki yake, ambayo ndiyo ugali wa watoto wake, iliendeshwa na mtu mwingine. Ndiyo maana siwezi kulichukulia suala hili kama la burudani.

Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000, na walichokikuta kinaigusa moja kwa moja desturi yetu ya Jumapili. Hatari ya kuumia iliongezeka pale mkimbiaji alipokimbia, kwa siku moja, umbali unaozidi kwa zaidi ya asilimia 10 umbali mrefu kuliko wote aliokimbia katika siku 30 zilizotangulia, na waliouzidi zaidi ya mara mbili ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi. Tafadhali viongozi wenzangu, tuyafikirie matokeo hayo kwa mtu aliyekaa nje wiki saba. Katika siku 30 zilizopita hajakimbia hata mita moja, hivyo kwake bonanza lote, tangu kona ya kwanza, ni ziada.

Wapo makocha wanaoishikilia kanuni ya kuongeza asilimia 10 kila wiki, nami naifundisha kwa kuwa inazuia tamaa, lakini isichukuliwe kuwa ni kinga. Utafiti wa Groningen, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2008, uliwagawa wakimbiaji wapya zaidi ya 500 katika makundi mawili, moja likiongeza mzigo kwa kanuni hiyo na jingine likifuata programu ya kawaida, na katika kila kundi takriban mtu mmoja kati ya watano aliumia. Kilomita peke yake hazitoshi kumhukumu mtu. Ni lazima ijulikane amelala vipi, amekula nini, ametoka katika ugonjwa gani, na siku zilizo kati ya mazoezi na mazoezi amezitumiaje.

Na hizo siku za katikati ndizo tunazozidharau. Nguvu haipatikani wakati mtu anakimbia, hupatikana baadaye, akiwa amelala na kula. Katika usingizi mzito ndipo mwili hutoa kwa wingi homoni ya ukuaji inayosaidia kukarabati misuli, na akiba ya wanga iliyotumika katika mbio ndefu huhitaji siku nzima hivi, pamoja na sahani za kutosha za wali, ugali, ndizi au viazi, ili irudi. Sasa tuchukue Jumamosi ya mwanachama wa kawaida wa Dar es Salaam: ametoka kazini jioni, amepanda daladala mbili, amepitia kwenye sherehe ya mtoto wa dada yake ambako asingeweza kukosa, amelala saa 7 usiku, na saa 11 alfajiri yumo katika mstari anaimba. Mwenye mazoea anaweza kuvuka siku kama hiyo. Anayerudi kutoka katika maumivu ni bora alale, afanye zoezi lake jioni au Jumatatu, na klabu imsifu kwa uamuzi huo. Kipo pia kipimo cha zamani cha makocha ambacho hakihitaji saa ya bei kubwa: kila asubuhi, kabla ya kuinuka kitandani, ahesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja, na siku yanapozidi kawaida yake kwa kumi au zaidi, apumzike bila kubishana na mtu.

Suala la ugonjwa nalisisitiza kwa sababu ndilo la kwetu hasa. Ushauri mwingi wa mbio unaotoka Ulaya huzungumza sana kuhusu magoti, na huigusa malaria kwa nadra. Vimelea vya malaria huharibu chembe nyekundu za damu. Dawa mseto humezwa siku tatu, homa hushuka, hamu ya kula hurudi, na mtu hujiona mzima, lakini damu iliyopungua hairudi kwa siku tatu, huchukua wiki. Anayehema akipanda ngazi za ghorofa moja, au anayeona giza akisimama ghafla, hana damu ya kukimbilia, na ni busara apime himoglobini kabla ya kuvaa raba. Zaidi ya hapo, mwenye homa ya aina yoyote asithubutu kukimbia kwa imani kwamba ataitoa kwa jasho. Baadhi ya virusi hushambulia misuli ya moyo, na mazoezi makali katika hali hiyo yanaweza kumwangusha mtu barabarani asiinuke tena.

Joto nalo lina sehemu yake. Wenzetu waliotumia likizo Rombo, Lushoto au Njombe hurudi Dar es Salaam wakati ambao jua na unyevu viko juu, na mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kuizoea tena hali hiyo. Waliofunga Ramadhani wanajua kwa uzoefu kwamba wiki ya kwanza baada ya Idi miguu si ile ile, nao wapewe muda wao.

Kuhusu diklofenaki nitasema kwa ukali kidogo. Imekuwa mazoea kwa mtu mwenye goti au kisigino kinachouma kumeza kidonge alfajiri ili amalize msafara. Kidonge hicho hakiponyi ufa wala kano. Kinanyamazisha taarifa ambayo mkimbiaji alihitaji kuisikia katika kilomita ya pili, ili aje aisikie akiwa ameharibika. Kukitumia huku mtu akitoka jasho jingi na kunywa maji kidogo kunaziweka pia figo zake hatarini. Anayehitaji dawa ili aweze kukimbia hastahili kukimbia siku hiyo.

Nimewahi kuambiwa kwamba mapumziko marefu ni ya watu dhaifu. Jibu langu huwa ni wanariadha wenyewe. David Rudisha wa Kenya, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 ya dakika 1:40.91 katika Olimpiki ya London 2012, aliumia goti mwaka uliofuata akayakosa mashindano ya dunia ya Moscow. Aliporejea mwaka 2014 hakuwa yule yule. Glasgow, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alishika nafasi ya pili. Hata hivyo mwaka 2015 alikuwa bingwa wa dunia Beijing, na 2016 akatwaa tena dhahabu ya Olimpiki Rio de Janeiro. Faith Kipyegon alijifungua Juni 2018 na hakurudi katika mashindano mpaka Juni 2019, karibu mwaka mzima, naye sasa ana dhahabu tatu za Olimpiki za mita 1,500 na rekodi ya dunia ya masafa hayo. Nawataja akina mama kwa makusudi, kwa sababu nimeona mzazi wa wiki sita akishangiliwa kwa kuwahi kurudi. Mwongozo uliotolewa na wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza mwaka 2019 unashauri mama asianze kukimbia kabla ya miezi mitatu baada ya kujifungua, na hata hapo awe hana maumivu ya nyonga wala mkojo usiozuilika. Mama asione haya kuyasema hayo kwa kiongozi mwanamke wa klabu, na kila klabu iwe naye.

Hapa nyumbani tunaye Alphonce Simbu. Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston, na Septemba mwaka huo huo akatuletea kutoka Tokyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Kati ya marathoni hizo mbili kuna karibu miezi mitano. Linganisha na mwanachama ambaye kazi yake si riadha, anayesimama kutwa dukani, na ambaye ndani ya mwezi mmoja amevaa tisheti za mbio tatu za hisani za kilomita 21.

Katika klabu yetu tumekubaliana, baada ya mabishano marefu, kwamba anayerudi haanzi kukimbia kabla hajaweza kutembea kwa kasi nusu saa bila kuchechemea, siku hiyo na asubuhi inayofuata. Akifaulu, hukimbia dakika moja na kutembea mbili, akirudia mpaka itimie nusu saa, kisha hupumzika siku nzima. Sehemu ya mbio hurefushwa kidogo kidogo na ya kutembea hupunguzwa, na hakuna kuongeza kasi wala kupanda mlima mpaka kwanza umbali uwe umezoeleka. Maumivu madogo yanayokwisha kabla ya asubuhi ya pili tunayavumilia. Yakibaki, mhusika hurudi hatua moja nyuma. Siku za katikati hunyanyua visigino kwenye ngazi, au huendesha baiskeli. Kasi tunaipima kwa nyimbo zetu wenyewe: anayeshindwa kuitikia kiitikio kwa sauti anakwenda kasi kuliko anavyoruhusiwa.

Jambo lililosaidia kuliko yote, kwa maoni yangu, ni mahali. Wanaorudi hawaufuati msafara. Huzunguka uwanja wa shule, ambapo kila baada ya dakika chache wanapita karibu na mabegi yao na wanaweza kuacha bila kuulizwa. Aliyekwenda na wenzake mpaka Coco Beach, mguu ukianza kuuma huko, atakimbia tu kurudi kwa sababu hana nauli mfukoni na hataki kuachwa. Na katika daftari, siku ya mapumziko iliyopangwa huandikwa kwamba mwanachama amehudhuria. Faini kwa mtu anayeuguza mfupa tumeifuta kabisa.

Kilimanjaro Marathon hukimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na wiki hizi klabu nyingi zinaandika majina na kukusanya pesa za basi. Nawaomba wanaoshika kalamu wamwulize kila mwanachama swali moja kabla ya kupokea pesa yake: katika siku 30 zilizopita, umbali mrefu zaidi uliokimbia kwa siku moja ni kilomita ngapi? Anayejibu kuwa ni nne au tano asiandikwe kwenye kilomita 21. Aandikwe kwenye kilomita 5, apande basi lile lile, avae tisheti ile ile, na kilomita 21 azikimbie mwaka ujao.

Wako katika michezo,

Mwalimu wa mazoezi,
Temeke, Dar es Salaam